Mama Funguo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kabisa pale kazini. Meneja, makeshia, mlinzi wa mlangoni, hata mfagizi aliyepangusa vumbi kwenye maua ya plastiki, wote walimwita Mama Funguo, kwa kuwa ndiye aliyeshika funguo za chumba cha fedha. Watu wa nje hudhani kushika funguo za benki ni ukubwa. Ukubwa jalala, walisema wahenga, na jalala la mama huyu lilikuwa na kufuli.

Mlango wa chumba kile haufunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana funguo, mwingine ana namba kichwani, na hakuna anayeruhusiwa kujua cha mwenzake. Mwenye namba alikuwa mhasibu mnene, mpole, ambaye naye jina lake lilishamezwa na kazi, aliitwa Namba. Kila asubuhi walisimama wawili hao mbele ya mlango wa chuma. Namba akianza kuzungusha kitasa cha namba, Mama Funguo hugeukia ukuta kama mtoto kwenye mchezo wa kujificha. Namba akimaliza hukohoa, na Mama Funguo hugeuka na kuingiza ufunguo. Walikuwa chanda na pete, ila chanda na pete wa kulazimishwa. Mmoja akiugua, mwingine anahangaika. Mmoja akitaka likizo, sharti makao makuu yamtafutie wa kumshikia, na makao makuu hayakuwahi kuona haraka katika jambo lolote isipokuwa kukata mishahara.

Aliyeona fahari ya kazi hiyo ni mama yake mzazi. Yule bibi alimsomesha binti yake kwa kuuza mkaa, mikono ikawa myeusi hadi kwenye mistari ya viganja, na malipo aliyoyapata ni kuwaringia majirani. “Mwanangu asipofika, benki haifunguki,” aliwaambia. Aliyebisha alielekezwa njia akaulize mwenyewe.

Sasa bibi alikuwa amelazwa hospitali, wodi ya mwisho kabisa, na madaktari walikuwa wameanza kusema naye kwa upole mno. Jumapili, binti yake alipokwenda kumwona, alimshika mkono akamwambia, “Sitaki kufa naangalia dari. Nataka nikuangalie wewe.”

“Nitakuwepo, mama.”

“Usinidanganye.”

“Sikudanganyi.”

Alisema kweli. Hakuwa na mpango wowote wa kudanganya.

Siku ilipofika ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni imepinda mpaka nje, na kiyoyozi kimegoma kama kawaida yake watu wakiwa wengi. Keshia, na Mama Funguo alikuwa mmoja wao, haruhusiwi kuwa na simu dirishani. Zote hufungiwa kwenye droo mpaka chakula cha mchana. Kwa hiyo mdogo wake alipiga, akapiga, akapiga, na simu ikalialia gizani pamoja na simu za wenzake. Mchana droo ilipofunguliwa, Mama Funguo aliona jina la mdogo wake limejaza kioo, naye akapiga papo hapo.

“Dada, mama amebadilika,” mdogo wake alisema. “Anakutaja wewe tu. Njoo sasa hivi, usingoje jioni.”

Meneja alikuwa kijana ambaye Mama Funguo angeweza kumzaa, mwenye tai iliyonyooka na maneno mengi kuhusu malengo ya tawi. Lakini kwa hilo hakusita. “Nenda, Mama Funguo. Mama ni mmoja.” Namba alimsindikiza hadi mlangoni na kumwambia, “Msalimie mama.” Mlinzi akamfungulia. Akatoka mbio, viatu vya kazini vikimkwaruza visigino.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la watu watatu. Mshika funguo hatoki nje ya jengo kabla ya kuzikabidhi mbele ya mashahidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hilo wageni wote wa tawi lile, tena kwa ukali. Lakini shada lake la funguo lilining’inia kwa mnyororo ndani ya sketi, mahali lilipokaa miaka yote, na alishazoea uzito wake kiasi kwamba hakuusikia tena. Meneja hakukumbuka. Namba hakukumbuka. Benki nzima ilitembea kwenda hospitali ikiwa nyongani mwa mama mmoja mwenye haraka.

Alimkuta mama yake hajakata kauli. Amekuwa mdogo kitandani, shuka limemzidi, lakini macho yake yalikuwa na mtu ndani.

“Umekuja,” akasema.

“Nimekuja, mama.”

Akavuta kiti, akaketi, akaushika ule mkono. Na alipoketi, funguo zikamchoma pajani.

Aliendelea kutabasamu, maana mama yake alikuwa anamwangalia. Mdogo wake, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, hakuelewa kwa nini dada yake ametoka jasho ghafla.

Simu ikaita. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia haukuachia.

“Mama Funguo, funguo ziko wapi?” Meneja hakuuliza hali ya mgonjwa.

“Ninazo hapa.”

Meneja akaeleza mambo ambayo mama huyu aliyajua kuliko yeye: kwamba saa ya kufunga inakaribia, kwamba fedha za madirishani lazima zirudi ndani, kwamba kabla hazijarudi hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kutoka, hata yule keshia mwenye mtoto anayenyonya.

“Ziko za akiba makao makuu,” Mama Funguo alinong’ona.

“Tukizigusa hizo, unga wako umemwagika, na wangu unafuata. Tulia hapo hapo. Mimi na Namba tuko njiani.”

Walifika na mlinzi wakiwa watatu, wakasimama kwenye korido, maana muuguzi aliwazuia mlangoni. Namba alichungulia mara moja, akamwona bibi, akainamisha kichwa. Uso wake ulisema wazi kwamba angependa kuwa popote pale duniani isipokuwa pale.

“Nipe mimi nikawape,” mdogo wake akasema, akanyoosha mkono juu ya kitanda.

Hilo lilikuwa jambo dogo kabisa. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Mtoto wa chekechea angefungua mnyororo, akampa ndugu yake funguo, akaendelea kukaa. Mama Funguo aliutazama ule mkono wa mdogo wake, na kinywa chake kikatoa maneno ambayo hakuyaita.

“Haziruhusiwi kushikwa na mtu mwingine.”

Mdogo wake alimwangalia kama mtu aliyekosea wodi. Mama Funguo akauachia mkono wa mama yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. “Narudi sasa hivi, mama.” Macho ya bibi yalimfuata.

Kukabidhi funguo kuna utaratibu, na utaratibu haujui korido ya hospitali. Kila ufunguo hutajwa. Mama Funguo akataja mlango wa nje, wa ndani, kabati la juu, kabati la chini. Namba akarudia kila jina kwa sauti ya mtu anayesoma dua. Meneja akatoa karatasi, mlinzi akageuka ili waandikie mgongoni mwake. Kalamu ikagoma. Meneja akaitikisa, akajaribu tena, akamwomba muuguzi kalamu nyingine, na muuguzi akaenda kuitafuta.

“Pole sana kwa kuuguza,” meneja alisema wakati wanangoja.

“Ahsante.”

Kalamu ikaja. Alikuwa ametia sahihi, Namba anatia yake, mdogo wake alipotokea mlangoni. Alisimama tu akiwa amejishika mabega, na wote wanne wakajua.

Meneja akasema pole tena. Lakini funguo zilikuwa mkononi mwake na watu walikuwa wamefungiwa. Namba alitaka kubaki. Hata alianza kuvua koti lake aketi. Bila yeye funguo zile zilikuwa vyuma tu, kwa hiyo naye akaondoka, akigeuka nyuma kila hatua.

Dada na mdogo mtu wakabaki na mama yao. Uso wa bibi ulielekea mlangoni. Mama Funguo akaketi kwenye kile kiti, akaushika tena mkono ambao bado ulikuwa na joto, na baada ya muda akauliza kama mama alisema lolote.

Mdogo wake alifikiri kwanza kama ajibu.

“Aliuliza umekwenda wapi. Nikamwambia umeitwa na watu wa benki.”

“Akasemaje?”

“Akasema, ‘Mwacheni amalize, namsubiri.’”