Mleta Barua na Dirisha la Bibi Odessa

Mleta barua wetu hapa Toledo mkono wake wa kulia umeungua jua kuliko wa kushoto, maana kutwa uko nje ya gari unatumbukiza barua masandukuni. Miaka yote namwona analizima lile gari lake bovu pale kona, anakohoa, halafu anatembea nyumba nne hadi kwa Bibi Odessa mwenye pumu, ili moshi usimfikie. Hata hivyo Bibi akisikia tu ule mngurumo anafunga dirisha, hata kama joto linaua.

Siku ya Jumanne kaja na gari jipya la umeme. Kona hakusimama. Kalisogeza kimyakimya mpaka chini ya dirisha lililo wazi.

"Barua!"

"Wee! Umetokea wapi?" Bibi karuka. "Mbona sijakusikia?"

"Vuta pumzi, Bibi."

"Unataka kunizika mapema?"

"Nimesema vuta!"

Bibi akavuta kidogo, kwa woga, halafu akavuta kwa kifua kizima. Hakukohoa. Mleta barua akapiga honi mara tatu kama yuko harusini.

"Haya, kelele basi," Bibi akasema, anacheka. "Nipe barua zangu."

Jioni nilipita. Dirisha lilikuwa bado wazi.