P ya Paka

Kazi yangu ni kuandika skripti, yaani maagizo yanayoijaribu programu bila mtu kubonyeza kitu. Naifanyia hapa Garissa, sebuleni kwa mama, na siku ile mteja alikuwa anatazama majaribio kule Nairobi. Akiridhika, mkataba unaendelea. Asiporidhika, itabidi nihamie huko kutafuta kazi nyingine, na mama, ambaye macho yake yamefifia, abaki na majirani.

Asubuhi nilikuwa nimeongeza mstari mmoja, ili skripti iunde folda ya logi iitwayo "ripoti" kwanza, kisha iandike humo kila kilichotokea. Kwangu ilipita bila shida, nikaituma Nairobi. Baadaye intaneti ikakatika mji mzima, nami nikaendelea na chai yangu nimetulia kabisa, mjinga mimi.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi akapiga simu kutoka kwenye mkutano na mteja kule Nairobi. Majaribio yalikuwa yameanguka kabla ya kuanza, eti folda ya "ripoti" haipo. Nikaufungua ule mstari. Nilikuwa nimeandika kama ninavyotamka: "riboti". Kompyuta yangu ina folda ya zamani yenye jina sahihi, ndiyo maana sikugundua. Ile ya Nairobi huanza tupu kila mara.

Bila intaneti nisingeweza kurekebisha mwenyewe, nikamwambia abadilishe neno moja tu.

"Futa hiyo, andika riboti."

"Si ndiyo imeandikwa, kaka? Riboti."

"Hapana, dada. Siyo riboti. Ni riboti."

Akauliza polepole, kama anayesema na mgonjwa, ni B ya baba ama P ya paka.

"Ya baka," nikasema. "Baka, ile ya kukunywa maziwa."

Nikasikia watu wakicheka, jibu langu likapotea humo, kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Macho yangu yanazijua herufi hizo mbili vizuri sana. Ulimi, uliokulia Kisomali kisicho na P, ndio haujawahi kuzitenganisha, na siku hiyo niliuchukia. Mama akaniuliza kwa Kisomali mbona nampigia mtu kelele juu ya paka. Nikaandika meseji, lakini mtandao wa simu nao ulikuwa wa kusuasua, haikwenda. Kule upande wa pili mteja akashukuru, akasema ameona ya kutosha. Nikasikia viti vikisogezwa, kisha simu ikakatwa.

Ndipo meseji ikaenda. Ilikuwa na neno moja, limeandikwa sawasawa.

Mama aliposikia nimenyamaza, akauliza kama kazi imekwisha. Nikamwambia imekwisha, akafurahi, akasema basi nikae naye kidogo.