Amani ya Chaji Mbili

Nilisikia kicheko cha walimu kabla sijaufikia mlango wa ofisi yao. Nikajua wanasoma jibu langu la fizikia, na mimi, mwana wa Muleba niliyeletwa Bukoba kusomea sayansi, nikanyoosha kola ili nikapokee sifa.

Swali lilikuwa na chaji mbili zenye nguvu sawa, moja chanya na nyingine hasi. Tulitakiwa tutafute potenshali, yaani kimo cha umeme, katikati yake, kisha uga wa umeme, yaani msukumo ambao chaji nyingine ingeupata hapo. Potenshali nilipata sifuri, na ni kweli. Kwenye uga sikukokotoa. Niliandika, kwa wino wa buluu, kwamba mwenye ziada na aliyepungukiwa wamegawana walichonacho kama wanakijiji wa ujamaa. Hapo katikati hakuna amsukumaye mwenzake. Sifuri.

Mwalimu wa fizikia alichora chaji zile mbili kwenye ubao wa ofisini, akaweka nukta katikati yake. "Chaji hii ndogo, ndugu mwandishi, itakaa hapo?"

"Itakaa, mwalimu. Kwa amani."

"Huyu anaisukuma, yule anaivuta, upande uleule. Itakaaje?"

Wenzake walicheka tena. Nikamkumbuka tata, baba yangu. Tangu nichaguliwe, kila akitoka misa aliwaambia watu kwamba mwanawe ataleta umeme mpaka kwenye migomba yake, na mama alikwisha chagua pa kutundika taa.

Mwalimu alinipa nafasi ya mwisho: nikipata swali moja tu, nabaki sayansi. Akafuta alama ya kutoa, akaandika ya kujumlisha. Sasa chaji zote mbili zilikuwa chanya. Nilishika chaki kama mtu aliyekwisha onywa. Mambo ya amani yamenitosha, nikajiambia. Zote zinasukuma, basi msukumo ni mara mbili. Nikachora mshale mnene, nikaupigia mstari.

Mwalimu aliufuta mshale wangu. Safari hii hakucheka mtu.

"Hizi zinaisukuma nukta kila moja kwa upande wake, kwa nguvu sawa," alisema polepole. "Hapa ndipo ilipokuwa amani yako, kijana."

Akanirudishia daftari, akanielekeza darasa la sanaa, ng'ambo ya uwanja. Nilipofika kizingitini nilikuwa tayari natunga barua ya kumweleza tata, ndefu, yenye maneno mazuri kuhusu mwanga, isiyoitaja taa hata mara moja. Mlango ukafungwa nyuma yangu.