Mdahalo Nilioushinda Nikiwa na Mimba

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinauzwa Morogoro, hata masomo ya jioni, nami niliyanunua pale Mwembesongo nikiwa na tumbo lililokuwa linaingia darasani dakika nzima kabla yangu. Mwalimu akaleta mdahalo: wajawazito wapimwe Ukimwi kwa lazima. Nikapangiwa kupinga. Nilisema mpaka mabati yakataka kung'oka: mwanamke si ng'ombe wa kupelekwa josho, aulizwe, akubali mwenyewe.

"Mama, kagombee ubunge!" wenzangu wakapiga kelele. Tukashinda.

Nyumbani nilikuwa sijashinda kitu. Kliniki walishaniuliza kama nitapima, na mume wangu, dereva wa lori la kabichi za Mgeta, alikuwa amekataa. "Unapima ya nini? Unanishuku mimi au unajishuku mwenyewe?" Kwa hiyo jioni ile ile, makofi bado yananilia masikioni, nikamwambia, "Baba, wamebadilisha. Sasa ni lazima."

"Lazima kwa nani?"

"Kwa wote. Hata mke wa mkuu wa mkoa."

Akatafuna tonge lake polepole. "Basi kama ni serikali, nenda."

Kesho yake nesi akaniuliza tena, "Mama, ni hiari yako. Unakubali?" Nikaitikia kwa kichwa. Majibu nikapewa siku hiyo hiyo. Virusi vipo. Akasema kuna dawa ya kumkinga mtoto wakati wa kujifungua, akarudia, akaniuliza kama nimeelewa. Mimi mwenye mdomo wa kuamsha milima yote ya Uluguru nikaitikia tena kwa kichwa. Sikulia. Nilikuwa naangalia kucha zake, mmoja umepakwa rangi, nyingine rangi imebanduka. Nikatoka, nikapita sokoni, nikanunua mchicha, nikabishania bei kama siku zote.

Mume wangu alirudi nikiwa nauchambua.

"Wamesemaje?"

"Ninavyo. Mtoto atapewa dawa. Wanasema na baba yake aje apime."

Lori lilikuwa linanguruma nje, hajalizima. Alisimama mlangoni.

"Na hiyo nayo ni lazima?"

Ningesema ndiyo, angekwenda.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni hiari yako."

Akatoka. Nikasikia lori linazimwa. Akarudi, akaketi bila kuvua viatu, akaniuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Sikusikia nafuu wala uchungu. Mchicha ulikuwa bado mwingi, nikaendelea kuchambua.