Kompyuta Mbili Jikoni Kwangu

Mjukuu wangu wa kike alipokuwa anamaliza masomo Chuo Kikuu cha Kyambogo, hapa Kampala, jiko langu lilikuwa ofisi yake. Nilinung'unika sana wakati ule. Mtu hajui anachokinung'unikia.

Alikuwa ameiandikia zahanati moja ya Nakawa programu ya kutunza rekodi za wagonjwa. Kwenye kompyuta yake, ukiandika jina la mgonjwa, rekodi inatokea kabla hujaondoa kidole. Kwenye kompyuta ya zahanati, jina lile lile, unangoja mpaka usahau unamtafuta nani. Alinieleza kwamba kila kompyuta ina mfumo wake wa kuiendesha, na hizi mbili mifumo yake haifanani. Daktari wa zahanati alimpa mpaka Jumatatu. Ikiendelea kujikokota, wanarudi kwenye madaftari, na kazi waliyomwahidi haipati.

Akaileta kompyuta ya zahanati nyumbani, akaiweka kando ya yake. Jumamosi, mimi napika kisra, mikate yetu myembamba ya unga wa mtama, namtazama. Anabadilisha hiki na kile, vitu vitano kwa mpigo, ndipo anapojaribu. Ikiongeza kasi kidogo, hajui kwa nini. Ikilala, hajui pia. Analaumu mfumo tu.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Lakini kisra mama alinifundisha kwa ukali. Ikinata kwenye chuma, huruhusiwi kugusa unga, moto na mafuta pamoja. Unagusa kimoja, unamwaga upawa mmoja, unatazama. Nilichapwa kwa hilo, na leo ningelipa nichapwe tena na mkono ule.

"Rudisha vyote kama vilivyokuwa," nikamwambia. "Halafu gusa kimoja."

"Jaja," akaniita, yaani bibi, "hii si kisra."

"Najua. Kisra ingekuwa imeshaiva."

Akacheka, akarudisha. Nikachukua saa ya marehemu mume wangu, aliyekuwa polisi, nikakaa. Yeye anabadilisha kimoja, anabonyeza, mimi nasema sekunde. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tano. Akauliza kama nina hakika; nikamwambia saa hii haijawahi kumchelewesha polisi kazini.

Alipofika kwenye programu ya kuzuia virusi, akaiamuru iache kukagua folda ya rekodi. Akabonyeza. Nilikuwa bado natafuta mshale wa sekunde, rekodi iko pale. Kumbe kila rekodi iliposomwa, programu ile iliipekua kwanza, upya, kila mara. Kompyuta yake haikuwa na mkaguzi wa namna hiyo.

Alitaka kushangilia. Nikamwambia arudishe ukaguzi tuone. Kumi na nne. Akauondoa tena, ikaruka. Hapo ndipo nilipomruhusu afurahi.

Walimchukua kazini. Amepanga chumba karibu na zahanati, anakuja Jumapili moja moja, tena ameshakula. Majirani husema nimebaki mpweke. Nawajibu kwamba alikuwa na kazi ya kutafuta, ameipata. Kisha naingia ndani, jikoni ambako sasa hamna kompyuta hata moja.