Saktuni ya Bibi Zuwena

Siku ile ya mji wa Adam naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya harusi yangu. Ukimuuliza baba yako atakwambia alikwenda kutazama bunduki akarudi salama, basi. Lakini mimi, shangazi yako, nilikuwepo. Na kwa kuwa nasikia kibali chako cha bunduki kimeshatoka na Ijumaa unakwenda Nizwa kutafuta saktuni ya zamani, kaa hapo kwanza nikuhadithie lile asilolisema.

Kaka yangu alikuwa kijana bado, hajamwoa mama yako. Sisi watoto wa Unguja tulikuwa tumeshazoea Ibra, huku Omani, lakini kwenye mashindano ya shabaha wenzake bado walimwita Mzanzibari, na yeye akipiga kwa bunduki ya kuazima. Likamwuma. Akataka saktuni yake mwenyewe, ile bunduki ndogo ya risasi nyembamba, tena ya kizamani, yenye mkono wa chuma kwa chini ambao unauvuta na kuurudisha ndipo risasi inaingia. Za namna hiyo alikuwa akiziona kwa wenziwe tu, hajapata kuishika hata moja. Na aliitaka ya kupigia, si ya kutundika ukutani wageni waisifu.

Sokoni Nizwa hakupata. Mimi nilifuatana naye kununua tende na vyungu, nikaishia kusimama kwenye vumbi nikimngoja. Kila bunduki iliyopambwa fedha kwa nje, ndani imeliwa na kutu. Dalali akishaifungua na kuhakikisha ni tupu, kaka yangu anaielekeza kwenye mwanga, anafumba jicho moja na kuchungulia mdomo wa mtutu. Mwisho dalali mmoja akachoka naye, akamwambia kuna mjane huko Adam ana saktuni ya marehemu mumewe, ya mkono, haijachezewa. Hapo ndipo nikawa na faida, maana mwanamume hapigi hodi kwa mjane bila kufuatana na mwanamke.

Bibi Zuwena alizaliwa Tabora. Aliposikia "Shikamoo bibi" alicheka kwa furaha, akaitika marahaba, akatukaribisha. Kaka yangu alikaa majlisi, chumba cha wageni, sisi wanawake chumba cha ndani, katikati pazia. Tukala tende, tukanywa kahawa, tukaulizana habari za watu wa Tabora na wa Unguja, na hakuna aliyetaja bunduki, maana ingekuwa utovu wa adabu. Kahawa ilipokwisha mwenyewe akafungua sanduku, akatoa kitu kimefungwa kwenye shali inayonukia udi.

"Mpelekee kaka yako," akaniambia. "Haina kitu. Marehemu hakuwa mtu wa kuacha risasi ndani ya nyumba."

Nikaipeleka, na maneno yake nikayapeleka vilevile. Mwanangu, unazijua adabu zetu. Mwenye nyumba akishasema, mgeni hakagui. Kuifungua bunduki ile mbele ya mjane ilikuwa kama kumwambia mumeo alikuwa mwongo. Basi kaka yangu hakuifungua. Aliipapasa mbao zake, macho yanamng'aa, kisha akageuka dirishani, akafumba jicho moja, na lile jengine akaliweka kwenye mdomo wa mtutu.

"Umeshaifungua?" Bibi Zuwena akauliza nyuma ya pazia.

"Umeshasema haina kitu, bibi."

"Nimesema mimi. Wewe umeona? Marehemu hata nikimpa kwa mkono wangu alikuwa anaifungua."

Kaka yangu akatabasamu, akauvuta ule mkono ili kumridhisha bibi tu. Risasi ikaruka. Nzima, inang'aa, ikadunda kwenye mkeka na kubingirika mpaka kwenye vikombe vya kahawa.

Niliitazama ile risasi, nikalitazama jicho la kaka yangu. Yeye jasho lilimtoka papo hapo. Akaurudisha mkono wa bunduki mahali pake, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillah, kumbe ilikuwamo moja." Akaielekeza chini, akabonyeza kifyatulio ili mtambo ulegee.

Hakujua kwamba bunduki ya namna hiyo ina mrija chini ya mtutu, na risasi zimepangana humo. Kuurudisha ule mkono ndiko kulikoingiza ya pili.

Ikalia. Risasi iligonga saruji chini ya mkeka, ikaruka, ikatoboa pazia.

Nikaita, "Bibi?" Nikaita tena. Kaka yangu akaniambia, "Tazama wewe, dada, tazama wewe." Hakuna kitu kizito nilichowahi kukinyanyua kama pazia lile.

Alikuwa amekaa chini kando ya sanduku, mzima, mtandio umemwanguka mabegani. Alikuwa ameinama kuweka birika, na tundu lilikuwa ukutani, hapo alipokuwa amesimama. Hakututazama. Alilishika lile sanduku kwa mikono miwili, akasema, "Wajukuu zangu wakija Idi wanarukaruka juu ya hili."

Kisha akalia. Mumewe mwaka wake wa mwisho alikuwa akisahau mambo, hata majina ya wanawe. "Hakunidanganya," akawa anarudia, "alisahau." Nami nililia pamoja naye, kwa kuwa nilielewa kinachomuuma zaidi ni jina la marehemu, si ile risasi.

Alipotulia alimwamuru kaka yangu atoke nayo uani, aielekeze kwenye lundo la mchanga, avute. Akavuta, likatoka ganda la ile iliyolia. Akavuta tena, ikatoka risasi nyingine nzima, na tena nyingine. Bibi Zuwena akamwuliza, wala hakupandisha sauti, "Ile ya kwanza ilipotoka, nani aliyekwambia hakuna ya pili?"

Hakumuuzia. Aliikabidhi polisi, akasema haitaingia nyumba nyingine. Na baba yako, tulipofika Ibra, akawaambia watu alikwenda kutazama bunduki akarudi salama, basi.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukipewa bunduki, na akupe nani, shekhe au mama yako mzazi, ielekeze pasipo na mtu na uifungue mbele yake. Akinuna, mwache anune. Ikitoka risasi usishukuru bado, vuta tena na tena mpaka isitoke kitu, kisha tia kidole ndani uhakikishe. Usichungulie mtutu ambao hukuufungua mwenyewe. Adabu ni kumwamkia mwenye nyumba na kunywa kahawa yake. Kukagua bunduki hakumvunjii mtu heshima. Siku ile tuliona haya kumkosea marehemu, tukakaribia kumuua mkewe.

Nenda kwa salama. Mwenyezi Mungu aupe mkono wako utulivu, akuepushe na haraka na haya isiyo mahali pake, na amhifadhi kila atakayekuwa amekaa upande wa pili wa pazia. Amin.