Mwanamke Aliyekatwa Kwenye Filamu

Kabla ya habari za gesi, mjomba wangu alikuwa na banda la video hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Kaseti zilitoka Mtwara, zikapitia mpakani Namoto mikononi mwa wafanyabiashara wa vitenge. Kila kaseti ilianza na vionjo, vile vipande vya kutangaza filamu nyingine. Kionjo cha siku hizo hakikuwa na haraka: sauti nzito ilisimulia, na mtu akitembea kuelekea mlangoni, ulimwona mpaka akafika. Kiingereza hatukukijua, basi Mjomba alisimama kando ya televisheni akatutafsiria. Asichokielewa alikitunga.

Bibi, mama yake, alikuja alasiri kwa ajili ya vionjo tu. Filamu yenyewe ikianza, alijitanda kanga yake akarudi jikoni. Lakini kionjo kimoja kilimshika. Mwanamke anavuka mto uliofurika, mtoto mabegani, maji yamemfika kifuani. Anageuka kutazama nyuma, picha inakatika.

"Alivuka?" Bibi akauliza.

"Sijui, mama. Hiyo filamu hatuna."

"Itafute basi."

Sikuelewa kwa nini alishikilia hivyo, mpaka mama yangu aliponieleza kwamba wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno Bibi alivuka Mto Ruvuma kukimbilia Tanzania, Mjomba akiwa mtoto mchanga mgongoni. Bibi mwenyewe hakupenda kuyasema.

Mjomba aliiulizia filamu ile kwa kila mfanyabiashara, miaka na miaka. Kisha meli za kutafuta gesi zikaanza kuonekana, kambi zikajengwa, vyumba vya kupangisha vikajaa wageni. Fundi mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyepanga kwetu, akaikuta filamu hiyo kwenye kompyuta yake. Tulikusanyika sebuleni, Bibi akaketi mbele kabisa. Safari hii hakwenda jikoni.

Mto ulionekana. Mwanamke hakuonekana. Filamu ikaisha.

"Huwa wanapiga picha nyingi, Bibi, nyingine wanazikata," fundi akaeleza kwa upole. "Kionjo kinaweza kutengenezwa kabla hawajakata."

"Kwa hiyo wamemwacha majini," Bibi akasema.

Mjomba, mvi zimemjaa ndevuni, akainuka akasimama kando ya kompyuta.

"Alivuka, mama. Ng'ambo wakampokea, wakampa uji wa mtama, mtoto akalala."

Bibi akamgeukia. "Ulikuwa wa muhogo," akasema. "Wewe ulikuwa umelala, utajuaje?"

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Kisha akaanza kutusimulia ule mto, mwanamke aliyemshika mkono, na nguo alizopoteza majini. Mjomba alisikiliza kama mgeni. Kumbe naye ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia.

Banda lilifungwa kila mtu alipopata simu. Siku hizi binti yangu ananionyesha vionjo kwenye simu yake: ngoma zinagonga, magari yanalipuka, nyuso zinapita kabla sijazitambua, na mwisho wa filamu nimeshauona.

"Tena hii nzuri, mama, tuitazame," ananiambia.

Namwambia nimeshaitazama. Anadhani natania.